Ufa wa Ngoma ya Mfalme

Mlango wa chuma wa chumba cha mitambo ulijifunga nyuma ya Sindano.

Mtego. Na kaingia kwa miguu yake mwenyewe, jasusi mzima.

Kwenye kioo kidogo cha mlango, Mhifadhi Mkuu wa makumbusho alimpungia mkono akaenda zake. Sindano alichomoa bastola yake ya Glock, akautazama unene wa chuma, akairudisha kiunoni.

Skrini ilikuwa inawaka. Kanzidata ya mambo ya kale ilikuwa inafutwa kutoka ofisini kwa Mhifadhi. Picha za ngoma ya mfalme, kwishnei. Video, kwishnei. Ngoma yenyewe ilikuwa tayari uwanja wa ndege, na bila kumbukumbu nani angesema imeibwa?

Zilibaki sauti. Ya kwanza ilikuwa ya bibi yake, mtunzaji wa mwisho wa ngoma ile, marehemu.

Hapo Sindano aliogopa kweli. Kumzika bibi mara moja kulimtosha.

Kung'oa waya wa mtandao kungezuia ufutaji. Lakini waya huohuo ndio ulioendesha kufuli la mlango na mtambo wa hewa.

Aling'oa.

Feni zikanyamaza. Akanyakua simu ya ukutani, akapiga uwanja wa ndege.

"Forodha."

"Dada, Sindano hapa. Zuia kreti la makumbusho."

"Liko mbele yangu, kaka. Mhifadhi wao ndiyo kwanza kapiga simu, anasema ni ngoma mpya ya kuuzia watalii. Nipe picha, la sivyo inapaa."

"Picha sina. Sikiliza."

Akabonyeza rekodi ya kwanza. Bibi akakohoa, kama kawaida yake.

"Mjomba wenu aliiangusha, kalewa chakari. Ikapasuka ubavuni. Tukaziba kwa nta, mfalme asijue. Igonge penye ufa: italia nzito, halafu nyembamba."

Kukasikika mlio. Mzito, kisha mwembamba.

"Igonge, dada."

Mbao za kreti zikabanduliwa. Halafu simuni mlio uleule, mzito, kisha mwembamba.

"Ndiyo yenyewe," dada alisema taratibu. "Natuma watu wakamtie Mhifadhi pingu. Na wewe uko wapi?"

"Chumba cha mitambo. Waje na mashine ya kukatia chuma. Hewa inaisha."

Alikaa sakafuni, shati limelowa, kifua kinabana. Bibi aliendelea kuongea.

"Na nyie mnaorekodi, mmekula lakini?"

Sindano alicheka, machozi yakamtoka.

Walipokata mlango, alijifuta uso, akavaa koti. Nje, Mhifadhi alikuwa amekalishwa ndani ya Land Cruiser, pingu mikononi.

"Picha nilifuta zote," alisema. "Nani kanichoma?"

"Mjomba mlevi," Sindano alisema, akavuka barabara.