Mafundo Matatu Kwapani

Asubuhi hiyo fundi aliikuta sanamu imegeuza shingo. Si sana, upana wa kidole tu. Akaipima kwa rula, akajiambia ni ngozi inakauka.

Ilikuwa ngozi ya paa iliyojazwa unga wa mbao, mbawa za bundi mgongoni, simbi za baharini mahali pa macho, miiba ya nungunungu shingoni. Kama kazi zake zote, uzi ulimalizikia chini ya kwapa la kushoto, mafundo matatu, mahali ambapo mtazamaji haangalii. Ila safari hii singa za mnyama za kushonea kisogoni zilimpungukia, na badala ya kungoja nyingine, akamalizia kwa nywele alizozitoa kwenye kitana cha bintiye wa miaka sita, aliyeitwa Chiriku kwa kutofunga mdomo.

"Mama, huyu kavaa nywele zangu."

"Zako zitaota. Zake haziwezi, maskini."

Wageni waliofika karakanani waliipenda vibaya. "Inanitisha," alisema mmoja, "lakini miguu inakataa kuondoka." Akarudi kuipapasa.

Siku ya tatu Chiriku akanyamaza. Siku ya nne akakataa chakula. Siku ya tano karakana ikanuka maziwa, na ubavu wa sanamu ukapanda, ukashuka.

Mganga aliyeitwa, mama mtu mzima, aligoma kuvuka kizingiti cha karakana. "Umemjengea jini nyumba, mwanangu, na nywele ndizo mlango uliomfungulia. Ichome leo hii. Na ikikuita, usiitike."

"Itaniita vipi, bibi?"

"Kwa sauti unayoipenda."

Fundi akamlaza Chiriku chumbani, akafunga mlango, akaibeba sanamu hadi uani. Jana aliinyanyua kwa mkono mmoja. Leo ilimlemea begani kama mtoto aliyepitiwa na usingizi. Akaimwagia mafuta ya taa, akawasha, na moto ulipofika kwenye mbawa sauti ya Chiriku ikatoka, "Mama, ni mimi, mama, nitazame," naye akajiziba masikio na kung'ata ulimi asiitike, akahesabu mpaka mia na tena mpaka mia, huku sauti ikiomba, ikikohoa, ikiahidi kuwa haitapiga kelele tena, haitagusa sindano tena, mpaka simbi zikapasuka, moja, kisha ya pili, na uani kukawa kimya.

Chumbani Chiriku alikuwa ameketi kitandani, anacheka. "Mama, nina njaa."

Fundi akalia kwa furaha. Akamlisha, akampeleka bafuni, akamsugua miguu, mgongo, shingo. Akamwinua mkono wa kushoto.

Chini ya kwapa kulikuwa na mafundo matatu, yamekazwa kwa uzi wa fundi mwenyewe.

Akayagusa kwa ncha ya kidole.

"Usivute, mama," mtoto akanong'ona. "Nitamwagika."