Simu ya Shukrani ya Mzee Isamu

Kwa miaka ishirini na sita nilisoma mita za umeme mtaani kwetu, hapa Yokote, mji wa theluji nchini Japani. Niliingia nyua za watu wakati wa jua na wakati wa theluji. Nilikimbizwa na mbwa, nikapewa figili za kutiwa moshi. Kisha zikaja mita zinazojisoma zenyewe, nami nikarudi nyumbani kuuguza mgongo. Jina langu ni Tsuruko. Ningeweza kuyazuia haya ninayoyasimulia, na mpaka leo yananiuma.

Jirani yangu ni Mzee Isamu. Mkewe, Kinue, alikuwa mgonjwa wa mapafu. Alipumua kwa msaada wa mashine ya oksijeni, usiku na mchana. Kila asubuhi Isamu alizoa theluji mlangoni, akapika supu ya miso, kisha akakagua mpira wa hewa uliofika puani mwa mkewe. Mashine ile ilitumia umeme. Ikizimika, Kinue hana hewa.

Siku moja ya Januari nilikwenda kwao kunywa chai. Mezani palikuwa na barua ya kampuni iliyowauzia umeme. Ilisema mkataba wao unakwisha tarehe thelathini na moja Januari. Wakitaka kuhamia kampuni nyingine bila faini, wahame ndani ya mwezi wa Februari. Wasipohama, mkataba utajiendeleza kwa miaka miwili mingine, na bei ilikuwa imepanda.

"Nobuko amepiga simu kutoka Sendai," Isamu aliniambia. Nobuko ni binti yao. "Ameshatuombea kampuni nyingine. Wataanza tarehe kumi na nane Februari."

"Basi umemaliza kazi," nikasema.

"Nimemalizaje? Yule kijana wa kampuni ya zamani ameniletea kalenda ya ukutani miaka minne mfululizo! Niondoke kimya kimya kama mwizi?"

Kinue alicheka kwa pumzi fupi fupi. "Huyu Baba Nobuko, hata kwa kinyozi anaaga mara tatu."

Tulicheka wote. Sikumuuliza Isamu alikuwa na nia gani. Mimi, niliyejua mambo ya umeme kuliko mtaa mzima, nilikunywa chai yangu nikaenda zangu.

Kilichofuata alinieleza mwenyewe baadaye. Alipiga simu kwa kampuni ya zamani. Alisimama wima, akainamisha kichwa mbele ya simu kana kwamba wanamwona. Aliwashukuru kwa miaka minne. Kisha akasema, "Naomba mnikatie umeme wenu tarehe thelathini na moja, mkataba unapokwisha." Msichana wa ofisini akamuuliza kama ana hakika na tarehe hiyo. "Nina hakika, binti yangu. Ahsanteni sana." Akakata simu, moyo mweupe.

Tarehe mosi Februari, saa tatu asubuhi, nilikuwa nazoa theluji. Isamu alitoka mbio bila viatu, soksi tupu kwenye barafu.

"Mama Tsuruko! Kwako umeme upo?"

"Upo. Kuna nini?"

"Kwangu umekatika! Mashine inapiga kelele tu, hewa haitoki!"

Nilipiga simu ya gari la wagonjwa huku nakimbia. Ndani kulikuwa kumeanza kupoa, maana hata hita yao ya mafuta ya taa huwashwa kwa umeme. Kinue alikuwa ameketi, ameng'ang'ania ukingo wa meza.

"Mtungi wa akiba uko wapi?" nikauliza. Kila mgonjwa wa namna hii hupewa mtungi wa oksijeni usiohitaji umeme.

"Ghalani, nyuma ya nyumba."

"Ghalani! Kwa nini?"

"Wageni wa mwaka mpya… niliona haya ukae sebuleni."

Theluji ilikuwa imeporomoka kutoka paani na kuuzika mlango wa ghala. Tulichimba. Nilimtukana, sitaficha. "Chimba, mzee mpumbavu wewe! Chimba!" Alichimba huku analia. Tulipoufikisha mtungi ndani, midomo ya Kinue ilikuwa imegeuka buluu na macho yake hayatuoni tena.

Watu wa gari la wagonjwa walimchukua akiwa hai. Nami nikaenda kuitazama mita. Hakuna waya uliokatika. Umeme ulikuwa umezimwa kutoka mbali, kwa amri. Hapo nikaelewa. Niliipigia kampuni yenye nyaya za mtaa, nikaeleza, na baada ya saa moja taa zikawaka katika nyumba isiyo na mtu.

Hospitalini Isamu alikaa kwenye benchi, kofia mkononi.

"Nilitaka kuaga tu," alisema.

"Ukimwambia muuzaji wa zamani akukatie umeme, anakukatia. Mpya alikuwa bado hajaanza. Hapo katikati hukuwa na mtu."

"Si mkataba ulikuwa umekwisha?"

"Mkataba ukifika mwisho, umeme haukatiki siku hiyo. Unaendelea. Ule mwezi uliopewa ni wa kuhamia. Unamwomba mpya mapema, unampa namba zilizo kwenye karatasi ya bili, anakutajia siku ya kuanza. Unahakikisha siku hiyo imo ndani ya mwezi wako. Kumwarifu wa zamani ni kazi ya mpya. Wewe hupigi simu ya kukatiwa, labda uwe unahama nyumba."

"Nobuko aliniambia nisifanye lolote. Nikaona ni utovu wa adabu."

"Na je, kampuni mpya inajua una mgonjwa wa mashine?"

Alitikisa kichwa. Hakuwa amewaambia.

Kinue alirudi nyumbani mwishoni mwa Machi. Miguu haikurudi naye; hakutembea tena. Alilala chini ya dirisha, na maneno yake yakawa machache. Hakumlaumu mumewe hata siku moja. Isamu aliniambia kwamba laiti mkewe angemlaumu, yeye angalau angepata usingizi.

Karibu miaka miwili ikapita. Barua nyingine ikaja: mkataba unakwisha, mwezi wa kuhama umetajwa, na bei imepanda tena. Isamu aliniletea barua hiyo.

"Nisome nawe, Mama Tsuruko. Taratibu."

Tulisoma mara mbili. Aliomba kampuni nyingine wiki sita kabla ya siku ya kuhama. Jambo la kwanza aliwaambia habari za mashine ya mkewe. Walimjibu kwa maandishi, wakataja siku. Siku yenyewe ilikuwa ndani ya mwezi wake. Aliizungushia wino mwekundu kwenye kalenda. Mtungi ulisimama sebuleni, mbele ya wageni na wasio wageni. Simu ya kuaga kampuni ya zamani hakuipiga.

Siku hiyo nilikwenda kukaa nao. Mashine ilikuwa inavuma kama kawaida yake. Mchana Kinue akafumbua macho.

"Baba Nobuko. Watabadilisha lini?"

"Wameshabadilisha tangu asubuhi."

Alisikiliza kidogo. "Sikusikia kitu."

Isamu aligeuka upande wa ukuta, akalia. Alipomaliza, alichukua karatasi na kalamu, akawaandikia kampuni aliyoiacha barua ya shukrani. Kisha akavaa viatu vyake, akaenda kuiposti.