Bata Arobaini kwa TV ya Waweru

Waweru alikuwa amelala kifudifudi kwa zulia, kichwa kimepasuka, na kwa TV yake ya inchi sabini na tano bata walikuwa bado wanaruka.

Bata wa game. Ile TV game ya zamani ya kuingiza kaseti, yenye kila mtoto aliwahi kuililia. Ilikuwa sakafuni, waya zake zimechomekwa kwa kidude cheusi, na kidude kimechomekwa nyuma ya TV. Kando yake, bunduki ya plastiki. Kando ya bunduki, kombe la gofu lenye kitako cha jiwe. Lilikuwa limepanguswa safi kuliko kitu chochote kwa hiyo nyumba, na daktari wa polisi alisema jeraha linalingana na hicho kitako.

Inspekta Perez Adoyo, mpelelezi wa DCI Eldoret, aliangalia hiyo sebule ya mtaa wa Yamumbi, roho ikamkataa. Viti rangi ya dhahabu. Picha kumi na moja ukutani, zote za Waweru akisalimia wakubwa. Huyu mtu alijijengea kanisa ya kujiabudu.

"Kesi imeisha," Chief Inspekta Obiero alisema mlangoni. Tumbo lake lilikuwa limeshaingia ndani kabla yake. "Tumeshika fundi wa TV. Majirani walimkuta hapa saa kumi jioni, damu mikononi. Alama zake za vidole zimejaa kwa TV. Kesho saa tatu anasimama mbele ya hakimu."

"Na kwa kombe?"

"Kombe limepanguswa."

"Kwa hivyo alipangusa kombe, akaacha TV?"

"Perez, usinianzishie. Hawa watu wa kuchokora redio unadhani wana akili?"

Hivyo ndivyo Obiero alikuwa anapeleleza. Anaangalia viatu vya mtu, anaandika ripoti, anaenda kula nyama.

Fundi mwenyewe, George Lusweti, alikuwa seli, shati imekauka damu. Kibanda chake kilikuwa town.

"Sikumuua, Madam. Nilimgeuza tu nione kama anapumua."

"Mara ya kwanza ulienda hapo saa ngapi?"

"Saa saba. Brother ya Waweru, huyo Ronnie, alikuwa amekuja na TV game. Waya zake ni zile tatu, nyekundu, nyeupe na njano. TV mpya haina hizo mashimo. Nikawawekea konvata, hicho kidude cheusi."

"Ikashika?"

"Picha ilikuja poa. Lakini niliwaambia wazi. Mtacheza ya magari, mtacheza ya mpira. Ya bata sahauni. Hiyo bunduki haiwezi piga kwa TV flat."

"Kwa nini?"

"Bunduki haitoi kitu, Madam. Inaangalia mwangaza tu. TV ya kitambo, ile ya kisogo, ilikuwa inachora picha kwa njia yake, na bunduki ilitengenezewa hiyo. Flat inachora tofauti, tena konvata inachelewesha. Bunduki haioni bata. Piga mpaka Yesu arudi."

"Wakasemaje?"

"Ronnie akaniita fundi wa mikebe. Waweru akasema nirudi saa kumi na konvata ingine. Nikarudi. Nikakuta..." Akafunga macho. "Madam, niko na mtoto wa miezi nne. Nikienda rumande kwa kesi ya mauaji, nitatoka akiwa anatembea. Kama nitatoka."

Perez alirudi ofisini, akafungua taarifa ya Ronnie. Ilikuwa fupi. Walicheza na marehemu mpaka saa tisa. Walicheza bata. Yeye alimshinda Waweru, arobaini kwa tatu. Akamwacha mzima, akaenda zake.

Arobaini kwa tatu. Aliisoma mara mbili, halafu akampelekea Obiero.

"Uongo wa bata si mauaji," Obiero alisema bila kuinua kichwa. "Saa tatu, Perez."

Kesho yake saa moja na nusu asubuhi Ronnie, ameitwa na Perez, aliingia kwa sebule ya marehemu, tai shingoni, miwani nyeusi ndani ya nyumba. Alikuwa ameshika daftari ya kamati ya mazishi kama waziri ameshika bajeti. Perez alikuwa ameshawasha kila kitu vile kilikuwa. Konstebo mmoja alisimama mlangoni na kamera.

"Pole tena, Bwana Ronnie. Nionyeshe tu vile mlicheza. Piga bata mmoja."

"Madam, niko na matanga ya kupanga."

"Bata mmoja, uende."

Akachukua bunduki. Akafinya. Bata akapita.

Akafinya tena. Bata akapita, polepole, kama anaenda sokoni.

"Jana ilikuwa inashika," Ronnie alisema.

"Songea karibu."

Akasongea. Akapiga. Akatoa miwani. Mwishowe akabandika mdomo wa bunduki kwa kioo, juu ya bata kabisa, akafinya mpaka kidole kikawa cheupe. Bata hakujua hata kama ametishwa.

Perez akacheka. Alicheka kwa makusudi, kichwa nyuma, meno yote nje.

"Arobaini! Wewe? Hata bata wa katuni wanakudharau!"

"Usinicheke."

"Mzee mzima na tai! Na—"

"Nimesema usinicheke! Hivyo hivyo ndio alianza—"

Akajikatiza. Kwa TV bata waliendelea kupiga kelele.

"Nani alianza?" Perez aliuliza. Kicheko kilikuwa kimeisha kama maji ya mfereji. "Ronnie, uko na haki ya kunyamaza. Uko na haki ya wakili."

Hakunyamaza. Watu aina yake hawajui.

"Tukiwa wadogo huko kwetu Ainabkoi, Waweru alinishinda kila kitu. Shule. Mpira. Hata mama alikuwa anamwekea nyama kubwa. Bata peke yake ndio hakuniweza. Nimeweka hiyo game miaka ishirini na tano, Madam. Nikaileta akumbuke. Napiga, hawafi. Napiga, hawafi. Akaanza kucheka. Akasema, 'Kitu moja tu ulikuwa unajua, Ronnie, na hata hiyo imekutoroka.' Akageuka achukue simu, aambie marafiki wake wa gofu. Nikachukua kombe."

"Ulilipangusa na nini?"

"Sweta yangu. Nimeitupa kwa choo, huko Ainabkoi."

"Na Lusweti? Ungemwacha afungwe maisha?"

Ronnie akainua mabega. "Si ni fundi tu."

Perez aliwahi kukutana na wauaji wenye walimtia hofu. Huyu alimtia kichefuchefu. Akamfunga pingu, akapiga simu.

"Afande, mtoe Lusweti. Ronnie amekiri, iko kwa kamera. Tuma watu Ainabkoi wachimbe choo."

"Sasa hakimu nimwambie nini?"

"Mwambie ukweli, Afande. Utazoea."

Wakatoka nje mpaka kwa gari. Perez alifungua mlango wa nyuma, lakini hakumsukuma ndani bado.

"Kitu moja sielewi. Ungeandika mlikunywa chai. Ungeandika mlilala. Singekuwa na kitu ya kukushika. Hiyo arobaini kwa tatu ilikuwa ya nini?"

Ronnie alimwangalia kama yeye ndiye mjinga.

"Ulitaka niandike amenishinda?"