Sanduku la Spika ya Tata Ntumba

Kila alasiri, baada ya shule, Rachelle alifagia maranda katika karakana ya baba yake, fundi seremala Kabemba, mtaani Dilala, mjini Kolwezi. Mwaka ule wa 1993 kazi zilikuwa chache. Familia zenye asili ya jimbo la Kasai zilikuwa zimefukuzwa majumbani mwao, nazo zililala stesheni zikingoja treni. Baadhi ya majirani walivaa vitenge vya waliofukuzwa bila hata kuvifua. Rachelle alipoviona, alivuka barabara asipishane nao.

Siku hiyo Dady, mwenye baa ya jirani, aliingia na spika kubwa ya besi.

"Fundi, nitengenezee bafle, sanduku la hii. Kesho jioni batu bacheze mpaka bachoke!"

Kwenye karatasi ya spika palikuwa na kiraka cheusi. Rachelle mwenyewe ndiye aliyekishikilia kiraka kile siku Tata Ntumba, fundi wa redio wa nyumba ya pili ambaye sasa alilala stesheni, alipokipaka gundi. Tata Ntumba alizaliwa papo hapo Kolwezi. Babu yake ndiye aliyeletwa kutoka Kasai kuchimba shaba. Spika ile aliipeleka kwenye arusi, na ndiyo iliyowalisha watoto wake.

"Tata," Rachelle alimwita baba yake, "hii ni ya..."

"Fagia," baba yake alisema bila kumtazama. "Kazi yangu ni mbao."

Dady akacheka. "Bilulu bameenda, bitu bimebaki. Kuna ubaya gani?"

Bilulu ni wadudu. Ndivyo walivyoitwa watu wa Kasai, ambao juzi tu walikuwa wakiwaazima majirani chumvi.

Dady alipoondoka, baba alimuuliza Rachelle spika hiyo ilihitaji sanduku la ukubwa gani. Rachelle alijua. Tata Ntumba alimfundisha kwamba kila spika ina kipimo chake cha hewa, na hii ilitaka meka ishirini na tano, lile kopo la kupimia mahindi sokoni. Alijibu, tena akafurahi kuulizwa. Baadaye furaha hiyo ilimchukiza kuliko kitu chochote.

Baba alipigilia sanduku refu lililo wazi juu. Rachelle akamwaga mahindi humo, meka moja baada ya nyingine. Pale yalipofika, baba alichora mstari, akayatoa mahindi, akakata mbao hapo, kisha akafunga.

Kesho yake Dady alilijaribu. Badala ya besi nzito ulitoka mlio uliolegea, unaoburuma.

"Bafle gani hii? Inaharisha!" alifoka. "Mutengeneze mbele ya jioni kufika!"

Baba akamtuma Rachelle stesheni. "Muulize Ntumba. Usimwambie spika ni ya nani."

Stesheni ilinuka mikojo na moshi. Mtoto mmoja alikuwa na nzi machoni. Mama Mushiya, mke wa Tata Ntumba, alisogea mkekani ampe nafasi ya kukaa. "Ikala, mwanangu." Rachelle akaona haya kwa viatu vyake safi.

"Tata Ntumba, sanduku la meka ishirini na tano linaburuma. Kwa nini?"

"Ulipima namna gani?"

"Kama sokoni. Kopo likajaa mpaka kikawa kilima juu."

Tata Ntumba akacheka. "Eh, mutoto wa sokoni! Kule ukipimiwa bila kilima unagomba. Huku kwenye spika ungepitisha ubao juu ya kopo, yaliyozidi yaanguke. Sanduku lenu ni kubwa mno, spika inayumba ndani." Kisha akauliza, "Ni spika gani?"

Rachelle angeweza kudanganya. "Yako, Tata. Ile ya kiraka. Dady aliileta, na sisi tukapokea."

Mama Mushiya aliweka kikombe chini.

"Nilifikiri imeungua na nyumba," Tata Ntumba alisema polepole. "Treni yetu ni kesho asubuhi. Kule tunakoenda sina hata bisibisi." Akajifuta uso. "Mupunguze sanduku. Isipasuke."

Rachelle alirudi mbio. "Tata, nimemwambia. Amesema tupunguze, spika isipasuke."

"Hakututukana?"

"Hapana."

Baba aliweka nyundo juu ya benchi. Kisha akasema, "Lete mahindi." Safari hii Rachelle alisawazisha kila kopo kwa ubao. Walipomaliza, Dady alikuwa amesimama mlangoni.

"Spika ina mwenyewe," baba alimwambia.

"Weye mupumbavu! Unasaidia bilulu?"

"Toka kwangu, Dady," baba alisema, nyundo mkononi, naye akaondoka akitukana.

Asubuhi walibeba sanduku hadi stesheni. Umeme haukuwepo, lakini Tata Ntumba aligonga pande zake kwa kidole, akasukuma karatasi ya spika taratibu kwa kiganja, ikarudi bila haraka. "Sasa inapumua," alisema.

"Usinishukuru," baba alisema, macho chini. Akamgeukia binti yake. "Rachelle, Dady aliiba mara moja. Mimi niliiba kwa kila msumari niliopiga, nikasema kazi yangu ni mbao. Mtu akikuletea kitu, uliza kimetoka wapi kabla ya kuuliza kipimo."

Tata Ntumba hakusema kwamba amesamehe. Alipandisha sanduku ndani ya behewa lisilo na viti, na watoto wake wawili wakakaa juu yake.