Picha ya Kichwa cha Bisera

Kila asubuhi kabla ya shule, Bibi Trena alikaanga chumvi, akaimimina kwenye soksi ya sufu na kumkanda Bisera usoni. "Ni ule upepo wa dirishani tu," alisema. "Unaonaje leo?"

"Sijambo, Bibi," Bisera alijibu.

Hakuwa mzima hata kidogo. Tangu mama yake aende Italia kulea wazee wa watu, pua ilikuwa imeziba na uso ulimwuma. Darasani alivuta kamasi kutwa, mpaka Kiro, aliyekaa naye dawati moja, akahama. "Bora nikae na trekta," alisema Kiro, na darasa zima likacheka. Tangu hapo Bisera alikaa peke yake na kula mkate wake peke yake, mkate usio na harufu wala ladha. Mama alipopiga simu jioni, Bisera alimwambia mambo ni shwari. Aliogopa mama akijua ataacha kazi, na lawama zote zimwangukie yeye.

Msimu wa kuchoma pilipili hoho ulipofika mjini kwao Strumica, Bibi alimwachia jikoni sufuria ya ajvar, rojo la pilipili hoho zilizochomwa, aikoroge. Bisera akazama kwenye hesabu zake, sufuria nyuma yake. Bibi alipoingia mbio, rojo lote lilikuwa limeungua.

"Wewe mtoto, pua huna?"

Bisera akaangua kilio. "Sinusi kitu, Bibi. Tangu mama aondoke."

Hospitalini, Daktari Sofronievska alimlaza kwenye mashine ya CT inayopiga picha ndani ya kichwa, kisha akawaonyesha.

"Hivi ni vyumba vya hewa vilivyo ndani ya mifupa ya uso. Kikiwa cheusi, kina hewa, nakipa sifuri. Kikijaa kiasi, moja. Kikijaa chote, mbili. Vyote vikijaa, jumla hufika ishirini na nne. Wewe una kumi na tisa."

Bibi akajishika mdomo. "Na mimi namkaangia chumvi!"

"Hukujua, bibi. Alikuwa anakuambia hajambo." Daktari akamgeukia Bisera. "Nitakupa dawa ya kupuliza na maji ya kuoshea pua. Lakini picha hupima uchafu tu, haipimi unavyoteseka. Nina mgonjwa mwenye alama tatu, hapati usingizi kwa maumivu. Hayo nayajua kwa sababu aliniambia."

Jioni ile Bisera alimweleza mama yote.

"Kila uliposema shwari, nilikata simu nikalia," mama alisema. "Nilidhani umeshazoea kuishi bila mimi. Mwanangu, ukiumwa sema. Ukificha, tunabaki wapweke wote wawili."

Pua ilichukua majira yote ya baridi kufunguka. Ila kuanzia jioni ile, kila mama alipopiga simu, Bisera alisema kwanza kinachomwuma, kisha mama naye akasema chake.