Mlinzi Aliyezimwa kwa Ujumbe Mmoja

Mkunga alikuwa akimpima presha mama mjamzito. Mara mgonjwa wake wa wiki iliyopita aliingia bila hodi, macho mekundu.

"Ugonjwa wangu unasomwa kwenye simu za watu!" alisema. "Nilikuambia wewe peke yako."

Mkunga aligeukia meza ya mapokezi. Kompyuta ya zahanati iliguswa na watu wawili tu: yeye na wifi yake, mwandikishaji wa wagonjwa.

"Wifi, mdomo wako umetuponza!" alifoka.

"Haki ya Mungu, sijasema na mtu." Wifi alivua koti la kazi, akaondoka.

Jirani yao, mama fundi wa kompyuta, alisikia makelele. Alikuja, akachomoa waya wa intaneti, akaanza kukagua.

"Mna programu ya kugundua wavamizi wa mtandao," alisema. "Inasoma kila kinachoingia. Lakini ina tundu. Mwizi akituma ujumbe wa hila, programu ikiusoma tu, inazimika. Hapo anapita, anaiba siri na kuzisambaza. Hii imezimika tangu Jumatatu."

"Na tundu halizibiki?"

"Watengenezaji walitoa kiraka miezi mitano iliyopita. Tangazo hili hapa. Hakuna aliyekiweka."

Mkunga aliipigia simu kampuni iliyowawekea programu ile.

"Mama, hayo ni mambo ya kitaalamu," sauti ilijibu kwa miayo.

"Siri za wagonjwa wangu zinatembezwa kama karanga, wewe unapiga miayo? Mliahidi kuitunza programu! Mlijua, mkanyamaza! Nataka kosa lenu kwa maandishi, leo!"

Barua ya kukiri kosa ilikuja. Fundi aliweka kiraka, akabadilisha manenosiri yote. Aliipanga programu itafute viraka yenyewe kila siku, na simu ya mkunga ilie programu ikizimika.

"Mlinzi naye hulindwa," alisema.

Mkunga alikwenda kwa wifi yake, koti lile la kazi mkononi.

"Nimekukosea, wifi. Siri ziliibwa kupitia mtandao."

"Ulinihukumu kabla ya kuuliza." Wifi alimsogezea kigoda. "Kumbe wifi mwenye mdomo si mimi, ni ile ya intaneti, ya ukutani kule zahanati!"

Wakacheka, mkunga huku akifuta machozi. Kisha wakawaeleza wagonjwa wote ukweli, mmoja mmoja.

Mwezi uliofuata, yule mgonjwa aliyeanikwa siri yake alirudi kupimwa. Hakusema amesamehe. Alisimama mbele ya meza ya wifi, mkoba kifuani.

"Kiraka kimewekwa?"

"Cha leo asubuhi, dada. Njoo ukione mwenyewe."

Alizunguka meza, akatazama. Ndipo akaketi.