Aliyeiba Kadi ya Zuberi

Silvesta, muosha magari, ndiye aliyegundua. Jumapili alfajiri alishuka na ndoo yake kwenye maegesho ya chini ya jengo moja la Al Mansoura, akakuta Nissan nyeupe ya Khalfan, mkazi wa humo, imevunjwa kioo cha mlango wa nyuma. Hakugusa kitu. Alimpigia simu Chebet, msimamizi wa walinzi.

"Madam, shuka haraka. Huku kuna maajabu."

Chebet alikuwa amefanya kazi ya upelelezi wa polisi Eldoret kwa miaka tisa, kabla ya kuja Doha kulinda milango ya watu. Alifika, akainama dirishani, akachungulia ndani. Miwani ya jua ilikuwepo, tena ya bei. Chenji ilikuwepo. Kilichokosekana ni kadi ya maegesho ya watu wenye ulemavu iliyokuwa ikining'inia mbele. Kiti cha mtoto kilikuwa kimefunikwa taulo la bluu, na vipande vya kioo vilikuwa vimetapakaa juu ya lile taulo. Akapiga picha.

Zuleikha, mke wa Khalfan, aliteremka mbio na buibui halijakaa sawa.

"Yarabi! Kadi ya mwanangu!" Akakaa chini papo hapo, kwenye sakafu yenye mafuta.

Mwanawe, Zuberi, alikuwa na miaka sita na usonji. Anatembea, anakimbia, uso mzuri kama picha, na huo uzuri ndio uliomponza. Kila ofisi aliyopelekwa walimtazama miguu, wakamwambia mama, "Mbona mzima huyu?" Zuleikha alihangaika zaidi ya mwaka mzima, mpaka jopo la madaktari likakubali kuwa shida haikuwa miguu. Mtoto haoni hatari ya gari. Honi ikilia, anachomoka mbio asijue aendako. Kwa hiyo ashushwe mlangoni, basi. Jambo dogo hilo, lakini watu wazima na digrii zao lilikuwa limewashinda.

"Mama Zuberi, pole sana," Chebet alisema. "Hii taulo huwa inakaa kwa kiti?"

"La, hukaa kwenye buti. La kufutia maji tukitoka baharini."

Chebet alijaribu buti. Lilikuwa limefungwa, kitasa hakina hata mkwaruzo.

Khalfan alishuka wa mwisho, shati la kazi limepigwa pasi. Alikuwa mhasibu katika hoteli moja kule The Pearl. "Kwani kuna cha kuchunguza?" alisema. "Ni Reuben. Jengo zima linajua."

Kweli, jengo zima lilijua. Reuben, dereva Mkenya wa ghorofa ya pili, alikuwa amepigia kelele mbele ya watu ile nafasi ya maegesho karibu na mlango, waliyoipata kwa kadi hiyo. Chebet alimgongea.

"Ulisema nini kuhusu yule mtoto?"

"Nilisema ananishinda mbio, sasa ni mlemavu wa nini?" Reuben aliangalia chini. "Nilikosea, madam. Lakini hiyo usiku nilikuwa airport mpaka asubuhi. Uliza kampuni, gari iko na tracker."

Chebet aliuliza. Ilikuwa kweli. Akamgeukia Silvesta, ambaye alfajiri ile alikuwa peke yake kule chini.

"Nivunje, halafu nikuite wewe?" Silvesta alicheka kwa uchungu. "Mie mjinga, lakini si kiasi hicho."

Kamera ya pembe ile ilikuwa mbovu, na wakazi wote walikuwa wametangaziwa. Kamera ya geti haikuonyesha mgeni yeyote. Kwa hiyo mwizi alikuwa wa humo humo ndani.

Kadi mpya ilihitaji saini ya baba, maana familia iliishi Doha kwa kibali chake cha ukaazi. Jumatatu Chebet alimkumbusha. "Kesho," Khalfan alijibu. Jumanne akajibu vilevile.

Jumatano Zuleikha alimpeleka mtoto kwenye kituo cha tiba, kule Al Wukair. Bila kadi, aliegesha ng'ambo ya barabara. Pikipiki ya kupeleka chakula ilipiga honi. Zuberi aliuchomoa mkono wake na kukimbia, na gari lililokuwa likija nyuma ya pikipiki likamgonga.

Jioni hiyo Khalfan alikwenda polisi kumshtaki Reuben, na Reuben akachukuliwa. Mtu wa watu angefukuzwa kazi na kurudishwa kwao kwa kosa lisilo lake. Chebet alipopata habari, aliifungua tena ile picha ya Jumapili. Alhamisi mchana alikwenda hospitali, akawakuta mume na mke kwenye korido.

"Mama Zuberi, mahali hapa si pa maneno haya, nisamehe. Lakini kuna mtu ndani kwa makosa." Akatoa simu, akaonyesha ile picha. "Kioo kiko juu ya taulo. Kwa hivyo taulo ilitandikwa kwanza, ndio kioo kikavunjwa. Na taulo ilikuwa kwa buti, na buti haikuvunjwa. Huyu mwizi alikuwa na ufunguo."

"Mwenye ufunguo avunje kioo kwa nini?" Zuleikha aliuliza.

"Ndio tudhani ni mwizi. Na alifunika kiti kwanza, kipande cha kioo kisibaki kimdunge mtoto. Adui hafanyi hivyo. Anayefanya hivyo ni mtu anampenda Zuberi. Funguo ni ngapi?"

"Mbili." Zuleikha alimgeukia mumewe polepole. "Wangu, na wako."

Khalfan alijifunika uso.

"Mama anakuja wiki ijayo," alisema. "Nimemwambia mjukuu wake ni mzima, mkimya tu. Kule Unguja wote nimewaambia hivyo. Angeingia garini, akaiona ile kadi... Niliona haya, Zuleikha. Niliikatakata kwa mkasi, nikaitupa kazini. Nikasema atapona, haitahitajika."

"Na Reuben?" Chebet aliuliza.

"Kila mtu alikuwa anamshuku tayari."

Zuleikha hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali apige. "Nilimshika mkono," alisema. "Tangu jana najilaumu kwamba sikumshika sawasawa."

Mlango ulifunguka. Daktari alitoka na karatasi, akaeleza taratibu: mguu wa kulia ulikuwa umesagika chini ya goti, damu haipiti tena, na kuuacha kungemuua mtoto. Ili waukate, ilihitajika saini ya baba.

Khalfan aliirudisha mikono nyuma. "Siwezi."

"Utaweza," Zuleikha alisema. Alichukua kalamu kwa daktari, akamtia mumewe mkononi na kumkunja vidole kwa mkono wake mwenyewe. "Andika. Ukimaliza, nenda na dada Chebet polisi ukamtoe Reuben. Halafu mpigie mama yako umwambie mjukuu wake ni mlemavu. Safari hii ataona kwa macho yake."

Khalfan aliandika jina lake. Daktari aliichukua karatasi na kurudi ndani mbio.